Gunia la Viazi Liliingia, Mama Akabaki Nje: Hosteli Yangu ya Ngara

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Nimekaa katika hosteli hii ya Ngara tangu nije Nairobi kuanza digrii, na mwanafunzi akiniuliza nilikuwa namwambia njoo tu, ni pazuri. Tangu siku ile mama alipokuja, jibu langu limebadilika.

Bei na picha za vitanda mtaziona kwenye bango lao. Mimi nawaambia kilichotokea getini.

Mama anatoka Molo. Alikuwa na viazi, nusu gunia hivi, mdomo ameushona mwenyewe kwa kamba ya manila ya bluu, kwa sababu anajua kufikia mwisho wa mwezi huwa nimebaki na chumvi tu. Kule Gilgil wakakwama nyuma ya malori, Naivasha wakakwama tena. Alipofika Nyamakima, kituo cha matatu hapa Nairobi, giza lilikuwa linaingia na mvua inanyesha. Akatafuta mtu wa mkokoteni, wakaja naye wakitembea hadi Ngara. Saa kumi na mbili na robo nikapokea simu: "Niko kwa geti."

Nikashuka mbio. Nikamkuta keateka, msimamizi wa jengo, amesimama kwenye kile kigeti kidogo, mkono kwenye komeo. Nikamweleza kuwa huyu ni mama yangu mzazi, analala usiku mmoja, kesho asubuhi anarudi. Akasema mwisho wa wageni ni saa kumi na mbili. Nikamwomba, dakika kumi na tano tu, tena amecheleweshwa na barabara. Hapo akamgeukia mama, hata salamu hakutoa, akamwambia: "Mama, hapa si ushago. Hapa ni Nairobi." Ushago, yaani kijijini.

Kisha akaangalia gunia. "Mzigo unaweza kuingia."

Na kweli, gunia likaingia. Alilibeba yeye mwenyewe begani hadi ghorofa ya tatu, akaliegemeza vizuri kwenye mlango wangu. Mama alikuwa nje, ameegemea ukuta chini ya kibati cha duka la M-Pesa, viatu vya plastiki vimejaa maji, leso ameitoa kiunoni akajifunika kichwa. Nilipotoka alikuwa anamlipa mtu wa mkokoteni huku anamwomba msamaha kwa kumchelewesha. Mama yangu ndiye aliyekuwa anaomba msamaha.

Tulienda kulala kwa shangazi, kule Kayole. Mvua ikinyesha Nairobi mnajua nauli inavyopanda, tukalipa maradufu, na mama akasimama karibu nusu ya safari. Hakulalamika hata mara moja. Aliniuliza tu, "Yule mama wa Nakuru bado yuko?"

Basi niwaambie kuhusu yule mama wa Nakuru, maana yeye ndiye anayenifanya niwe na hasira hivi. Diploma yangu niliifanyia Nakuru, nikapanga bedsita, chumba kimoja, mtaa wa Section 58. Mji ule ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini kwa maisha ya mwanafunzi ulikuwa bado mji wa kutembea kwa miguu. Nikitoka darasani naingia sokoni, nanunua sukuma na nyanya, nafika nyumbani jua bado lipo na sijatoa hata shilingi ya nauli. Jumamosi tulikuwa tunapanda mlima wa Menengai, watu sita au saba, na chapati kwenye mfuko wa karatasi. Ukifika ukingoni unaona lile shimo lote chini yako, na ukigeuka unaona mji na ziwa. Hakuna aliyekuwa na pesa na hakuna aliyezihitaji. Kwenye kibanda cha madondo, yaani maharagwe, jina langu lilikuwa kwenye daftari, nalipa mkopo wa masomo ukiingia.

Na mama mwenye ploti alitujua. Kuna wiki niliugua homa, nikalala siku nzima bila kufungua dirisha. Jioni akabisha, ameshika kikombe cha uji, akasema, "Leo sijasikia redio yako." Mama yangu alipokuja mara ya kwanza mimi nilikuwa na mtihani. Niliporudi nikawakuta wote wawili sebuleni kwake, wanachambua maharagwe kwenye ungo, wanacheka kama watu waliosoma pamoja.

Sasa niseme ukweli wote, hata kama unaniudhi. Nakuru niliibiwa. Nguo zilitolewa kwenye kamba mara mbili, na jirani akapoteza laptopu mchana kweupe. Ngara sijapoteza hata sindano. Na sheria ile ya saa kumi na mbili ina sababu: kabla sijahamia, mgeni wa mtu aliingia akaiba kwenye vyumba viwili, na waliosoma hapa zamani wanasimulia hadi leo. Nikiwa na mtihani, nasoma usiku mzima, stima ipo, intaneti haikatiki, na naenda chuo kwa miguu. Maji ndiyo shida, siku mabomba yakikauka tunanunua mitungi, lakini hilo ni la mtaa mzima. Kwa hiyo kama ungeniuliza kabla mama hajaja, pengine ningekwambia panga hapa, usalama ni kitu kikubwa.

Lakini leo asubuhi nilikuwa namenya viazi vile, nikakuta chini kabisa ya gunia kifurushi cha gazeti. Ndani kuna mayai manane ya kienyeji, amefunga kila moja peke yake, na moja tu ndilo lililopasuka. Mtu aliyefunga mayai hivyo, akayatoa Molo hadi Ngara na likapasuka moja tu, ndiye aliyeambiwa hapa si ushago. Keateka angeweza kuchukua kitambulisho chake. Angeweza kumpigia mwenye nyumba. Angeweza angalau kumpa kiti cha mlinzi akae ndani ya geti wakati natafuta mahali pa kumpeleka. Sheria haikumkataza kusema "pole na safari, mama."

Nilimpigia mwenye hosteli simu. Alinisikiliza, akasema keateka alifanya kazi yake vizuri, na kama sijaridhika nitoe notisi ya mwezi mmoja.

Notisi nimeiandika, iko mezani, bado sijaipeleka, kwa sababu nyumba nyingine nilizoangalia Ngara na Pangani zina geti kama hili na ubao ule ule wa saa kumi na mbili. Wewe unayetafuta chumba, kama mzazi wako hukutembelea, uliza habari za wageni kabla ya kuuliza za maji. Na kama una nafasi ya chuo Nakuru na nyingine huku, nipigie simu kwanza kabla hujachagua Nairobi.