Nimesimamishwa mtihani wa nanoteknolojia kisa adhana

Naandika nikiwa bado nimekasirika kwahiyo nikiruka ruka mnivumilie. Mambo ya ada na vigezo vya kujiunga ingieni wenyewe kwenye tovuti za vyuo, mimi nataka kuwasimulia jioni moja tu.

Nafanya kazi maabara ya kiwanda cha saruji, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nina watoto wawili. Hii kozi ya nanoteknolojia, yani elimu ya vitu vidogo mno ambavyo macho hayavioni, ni ya chuo cha nje, unasoma mtandaoni usiku baada ya kazi. Mama mkwe mpaka leo anajua nasomea kukata laini za simu, maana nano anayoijua yeye ni ile laini ndogo. Kilichonivuta ni Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, lile chujio lake la maji la nano lilimpa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Waingereza mwaka 2015, nikasema kama mambo haya yanatoka Arusha basi na mimi wa saruji nina langu la kusema.

Sasa siku ya mtihani. Saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, wamepanga wao. Baba watoto kawapeleka wanangu kwa shangazi yao Chumbageni. Kuna kijana jirani anapiga singeli kutwa, nikamfuata nikamwambia mdogo wangu naomba masaa mawili tu, akanijibu "soma dada, nazima", na kweli akazima. Feni yangu inalia kwiikwii nikaizima nayo, madirisha nikafunga, na joto la Tanga mnalijua, jasho linadondokea kwenye kibodi.

Msimamizi yuko huko aliko anakuangalia kwa kamera. Zungusha kompyuta nione chumba. Haya. Onyesha chini ya kitanda. Haya. Funika kioo cha kabati. Nikafunika na kanga. Akaniuliza hayo maandishi kwenye kitambaa ni nini, ni majibu? Jamani! Kanga imeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge", sasa nikae nimtafsirie mtu asiyejua kanga ni nini nimwambie ajinyonge? Nikaigeuza, maandishi yakabaki yale yale kwa nyuma, nikaitoa nikaweka shuka. Dakika ishirini zimeenda na swali hata moja sijaona.

Nikaanza. Swali la tatu nikalipenda mwenyewe, kwa nini chembe za dhahabu za nanomita kama 20 (nanomita ni milimita moja ukiigawa vipande milioni) zikiwa kwenye maji zinaonekana nyekundu badala ya njano. Hili nalijua nje ndani, elektroni za juu ya chembe zinacheza pamoja na mwanga, zinaumeza ule wa kijani, nyekundu inapita, unapata rangi kama juisi ya rozela. Naandika, mkono unakimbia, na hapo hapo magharibi ikaingia. Allahu akbar, Allahu akbar. Msikiti uko nyuma ya nyumba na spika inaelekea kwangu.

Chati ikafunguka. "Kuna mtu anakusomea. Mwambie anyamaze."

Nikaandika ni adhana, ni msikiti, inaisha dakika chache. Akajibu "upo ndani ya msikiti?" Nikamwambia hapana nipo nyumbani, msikiti uko nje. "Basi mwambie huyo mtu aache, hii ni onyo la mwisho." Yani mimi nitoke nimfuate muadhini nimwambie shekhe hebu subiri kidogo nina swali la dhahabu! Nikacheka, wallahi nilicheka kwa uchungu, na sijui kucheka ndo kukaniponza maana skrini ikawa nyeupe, mtihani umefungwa, nimeandikiwa nilikuwa na msaidizi chumbani.

Nikalalamika. Wiki nzima kimya halafu likaja jibu la kubandika, wakati mwingine chagua mazingira tulivu. Tulivu! Kama sio wote mjini hapa basi wengi tunasikia adhana mara tano kwa siku na tunalala usingizi mzuri tu. Na kurudia mtihani nilipe tena.

Kwahiyo nyota moja. Msiende.

Ila kwakweli nikisema kozi yenyewe mbaya nitakuwa nadanganya. Ukiacha kwamba kila mwalimu lazima aanze na ile hotuba ya 1959 ya Feynman, mwanafizikia wa Marekani, kuhusu kuunda vitu vidogo mno, nimeisikia mpaka nimeichoka, masomo yameshiba. Kuna usiku mmoja walituunganisha na hadubini ya sindano ya maabara yao, ile ambayo haitazami, inapapasa. Mimi nipo sebuleni Ngamiani na kikombe cha chai ya tangawizi, naisogeza sindano iliyopo Ulaya juu ya kipande cha saruji iliyoganda, na kwenye skrini vinatokea vilima vidogo vidogo, ule ute unaozaliwa saruji ikigusa maji na ndo unaoishikilia nyumba nzima. Miaka yote nabonda vile vibonge kazini kupima nguvu yake na sikuwahi kukiona kilichokuwa kinashikilia. Nilimuamsha mume wangu aje aone. Akasema mbona kama makorosho, akarudi kulala.

Haya, nyota tatu. Msimamizi ni wa kampuni nyingine iliyokodiwa na chuo, ndo walivyojitetea, ingawa hela nimewalipa wao kwahiyo sioni inanihusu nini. Mbili basi.

Nimeshalipa marudio. Safari hii nimechagua muda mwenyewe, saa nane usiku mpaka saa kumi, baada ya isha na kabla ya alfajiri. Kijana wa singeli kasema hana shida. Jogoo wake ndo simwamini.