Mfarishi wa viraka kwa vifaa vya jikoni: uzoefu wangu wa miezi minane

Rula ninayoiamini kuliko zote ndani ya nyumba yangu ni goti la mama mkwe. Subirini, nitafika huko.

Mie ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga, zaidi ya miaka kumi sasa. Nashonea Butterfly nyeusi ya miguu: sare za shule, madera, mapazia. Mfarishi wa viraka, tandiko la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, sikuwahi kuugusa, mpaka wifi yangu aliposhika mimba nami nikajisifu mbele ya watu kwamba mtoto atalalia kazi ya mkono wangu. Ukishajisifu mbele ya wifi, imekwisha hiyo. Kwenye video naona wanawake wa Marekani wanakata viraka kwa kisu cha gurudumu, kile ambacho kampuni ya Olfa ya Japani iliingiza sokoni mwaka 1979, juu ya mkeka wake maalumu, na rula nene ya plastiki unayoona hadi chini. Nikazunguka maduka ya Ngamiani. Sindano zipo, nyuzi za kila rangi, lasi, zipu, cherehani nzima zipo. Nilipouliza kisu cha gurudumu nikaelekezwa kwa wauza vyombo, na huko nikatolewa kikatio cha piza.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza kupekua jikoni. Leo nina mifarishi mitatu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Viraka havina msamaha. Vyangu nakata inchi 4.5 kila upande, nikishona robo inchi pembeni vinabaki inchi 4. Napanga 10 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 140, inakuwa inchi 40 kwa 56. Saizi hiyo niliichagua kwa sababu khanga ninayoweka mgongoni ni sentimita 150 kwa 110, inatosha bila kuungwa. Kigezo changu cha kwanza cha kuchorea viraka nilikata kwenye boksi la biskuti. Kufika kiraka cha thelathini pembe zake zilikuwa zimelika, na viraka navyo vikaanza kutofautiana kama watoto wa darasa moja. Ndipo nikakumbuka bahasha ya eksirei juu ya kabati.

Zile picha za zamani ni plastiki ngumu, hailiki wala haikunjiki ovyo. Niliiloweka kwenye beseni la maji na jiki, dirisha wazi, baada ya muda ule weusi ukafutika kwa kitambaa tu. Ikabaki plastiki angavu yenye ubuluu kidogo, unaliona ua la kitenge kupitia humo na unachagua likae katikati ya kiraka. Nikachora, nikakata kwa kiwembe nikifuata rula ya chuma. Mama mkwe alipita, akaokota kipande kilichobaki bila kufutwa, akakiinua kwenye mwanga.

“Mwanangu, hili si goti langu?”

“Ndilo, Mama. Limeshapona, sasa nimelipa kazi.”

Alicheka, akaenda zake. Viraka 420 vimepita kwenye kigezo kile na pembe zake ni zile zile. Naipa 10 kwa 10.

Kwa kuchorea, fundi gani hajui sabuni? Kile kipande cha mche kinachobaki, kikauke, ukinoe ubavu kiwe chembamba. Kwenye kitenge cheusi kinaonekana kushinda chaki na kufua mara moja kinaondoka. Chukua nyeupe tu.

Sasa kandambili. Kosa la milimita 1 na nusu kwenye mshono halionekani kwa macho, lakini kila mshono unakula pande mbili, na safu ya viraka 10 ina mishono 9. Piga hesabu: karibu sentimita 3 zimepotea, na safu ya pili ikikosea kwa upande mwingine haziungani hata ukizivuta kwa kucha. Dawa yake nilikata ukanda wa soli ya kandambili iliyokatika, mwembamba, kimo chake kisiguse mguu wa cherehani. Nikaweka futi kamba chini ya sindano, nikashusha sindano kwenye mstari wa inchi, kisha nikabandika ule ukanda penye robo inchi kwa seloteipu ya pande mbili. Kitambaa kinatembea kimeegemea pale, huhitaji kukodoa macho. Nashangaa miaka yote kumi ya kushona sare sikuwahi kufanya hivi.

Kazi ngumu inaanza ukishaweka tabaka tatu: viraka juu, kijazio katikati, khanga chini. (Mfarishi wa kwanza niliujaza blanketi kuukuu. Kwa joto la Tanga, mtoto angeiva. Sasa naweka shuka mbili zilizochakaa, zimekuwa laini zenyewe.) Tabaka hizo nazishikisha kwa vikwasi, na hapo ndipo ncha za vidole huumia. Kijiko cha chai kimeniokoa: mkono mmoja unasukuma kikwasi, mwingine unabonyeza ukingo wa kijiko pale ncha inapotokea, inapanda yenyewe na unafunga. Kijiko chenye ukingo mnene kinateleza. Nilijaribu vitatu, cha nne ndicho.

Kushona kwa mkono nako, sindano inazama katikati ya tabaka na vidole vina jasho, haivutiki. Subana ya marehemu bibi, kile kikofia cha kidole, ninayo, lakini subana inasukuma tu, haivuti. Huku kwetu baiskeli hazikosekani, nikaenda kwa fundi wa baiskeli pale kona akanipa kipande cha tyubu iliyopasuka bure. Nakata pete ya kuvaa kidole cha shahada, nabana sindano, inatoka kama inatoka kwenye siagi. Ila ifue kwanza kwa sabuni mara mbili, kwani weusi wake unahamia kwenye kitambaa cheupe. Najua kwa nini nasema.

Seloteipu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ni nzuri ya kunyoosha mistari ya kushonea, mradi uitoe siku hiyo hiyo. Mie niliiacha siku mbili za Februari, gundi ikabaki. Nikaifuta kwa mafuta ya taa. Mfarishi wa mtoto mchanga ukanuka kama kibatari, nikaufua mara tatu.

Nilisoma mahali kwamba mto wa pini ukijazwa machicha ya kahawa pini hazipati kutu. Muuza kahawa wa barazani alinipa mfuko mzima, nikayaanika siku mbili, na ilikuwa masika. Baada ya wiki mto ukaota ukungu na pini zikapata kutu vile vile. Kukata foili kwa mkasi ili mkasi upate makali nako, nilichopata ni vipande vya foili.

Mafuta ya nazi ndiyo ninayoona aibu kuyasimulia. Jumapili moja cherehani ilikuwa inalia, duka limefungwa, nikatia matone ya mafuta tuliyokamua wenyewe. Ikanyamaza, nikajiona mjanja. Wiki tatu baadaye, mwezi wa saba, asubuhi gurudumu likawa zito kama la mkokoteni. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na alfajiri za kipupwe hapa zinashuka. Na hata jua likitoka, yalikuwa yameshashikana na vumbi la nyuzi yakawa ulimbo. Fundi alikaa nusu siku akisugua na petroli, kisha akaniuliza, “Dada, hii cherehani ulikuwa unaipikia wali?”

Tangu siku hiyo kinachogusa kitambaa nakiazima jikoni, kinachoingia ndani ya cherehani nakinunua. Chupa ndogo ya mafuta yake haishindi bei ya chai na chapati chache. Kilichoruhusiwa kuingia humo ni mswaki mkuukuu tu, wa kutolea manyoya ya nyuzi chini ya meno yanayosogeza kitambaa na kwenye nyumba ya bobini. Na mkasi napeleka kwa mnoaji.

Mfarishi wa kwanza wifi ameupokea, mtoto ana miezi minne anautapikia vizuri tu. Wa pili na wa tatu nimeuza. Ninaanza wa nne, lakini nina tatizo dogo. Goti la Mama limeanza kuuma tena, juzi tumekwenda hospitali, na daktari ametuomba tukirudi Alhamisi tuje na ile picha ya zamani ailinganishe.