PS4 imejaa na gemu zinachelewa kufunguka: SSD ipi ununue ukiwa Mbeya na bajeti ndogo

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, PS4 ndiyo inayolisha watu. Mteja analipia mechi, na muda anaoutumia kutazama gemu ikifunguka haumwingizii mwenye kibanda kitu. Kwa hiyo SSD, yaani diski ya kuhifadhia isiyo na sehemu zinazozunguka, ni matumizi ya maana, ila usilipie mbio ambazo mashine haina. PS4 ya kwanza na Slim zinatumia SATA (njia ya kuunganisha diski na mashine) ya kizazi cha pili, ambayo mwisho wake ni kama MB 300 kwa sekunde. SSD iliyoandikwa 550 haitafika huko. Chukua ya bei nafuu, mradi ni halisi.

Namba moja: SSD mpya ya SATA, inchi 2.5, GB 480 au 500, ya kufunga ndani. Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi zaidi. Mashine yenyewe inawaka haraka na gemu zote zinanufaika. Tena haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo watoto wakigonga meza haiumii kama HDD, diski ya zamani inayozunguka. Unahitaji bisibisi ya nyota tu. Ukiweza kuongeza pesa, nenda TB 1, maana Red Dead Redemption 2 peke yake inakula zaidi ya GB 100.

Namba mbili: SSD used iliyotolewa kwenye laptop. Naipenda, kwa sharti moja: muuzaji aichomeke kwenye kompyuta mbele yako, mfungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski, mwone afya yake na saa ilizotumika. Akikataa, ondoka.

Namba tatu: SSD hiyohiyo ndani ya kasha la USB 3.0. Inamfaa anayeogopa kufungua mashine. PS4 inakubali diski ya nje ya GB 250 hadi TB 8, ichomekwe moja kwa moja, isipitie habu (kigawanya USB). Diski itafutwa yote kwanza, na sevu, yaani kumbukumbu za ulipofikia kwenye gemu, zinabaki ndani ya PS4. Kibandani siishauri: waya ukivutwa gemu ikiendelea, hasara ni yako.

Ya mwisho: HDD ya nje. Ni kwa anayetaka nafasi tu.

NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi isiyotumia SATA, iache kwa wenye PS5. Huko inatakiwa ya Gen4 (kizazi cha nne), MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, yenye kipoza joto, na unene wote usizidi mm 11.25.

Sasa feki. Niliwahi kununua "TB 2" kwa bei ya kutupa. Ilipojaa kidogo, mafaili yakaanza kupotea. Tangu siku hiyo kila diski naijaza kwa H2testw, programu inayopima ukubwa halisi wa diski, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Ukiagiza Kariakoo ikaja na basi, kubalianeni kurudisha kabla hujatuma pesa, kwa sababu kuifuata Dar ni safari ya kilomita zaidi ya 800.

Kabla ya kufungua PS4, nakili sevu kwenye flashi. Flashi nyingine iwe na folda PS4, ndani yake UPDATE, na humo faili la PS4UPDATE.PUP. Pakua lile kubwa la kusakinisha upya. Lile dogo la kusasisha litagoma kwenye diski tupu. Funga SSD, kisha shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7. Unganisha pedi kwa waya, uchague kusakinisha upya. Hakikisha LUKU ina uniti za kutosha kabla hujaanza.