TAHADHARI: "Mtu wa vibali vya kujenga" amenila 78,500, msije mkaliwa na nyinyi

Siku nne nimekaa na jambo hili kifuani kwa aibu. Leo naliandika, na anayetaka kunicheka anicheke, mwenyewe nshajicheka vya kutosha. Mimi niliyemfokea shangazi mwaka jana kwa zile pesa za bahati nasibu, mimi huyu huyu nimekaa kwenye benchi na akili zangu timamu, nikamtumia tapeli pesa kwa simu, na nikamwambia ahsante mwanangu.

Habari ya kiwanja cha Mwandoni, hapa Mombasa, mwaijua, na mirathi ilivyotutoa jasho, sirudii. Taito, yaani hati ya kiwanja, ilipotoka nikasema sasa ni vyumba vinne, choo na tangi la maji, nipangishe nipumzike na kuamka saa tisa za usiku kukanda mahamri. Fundi akanambia, mama, usichimbe bila kibali, watu wa kaunti wazunguka Kisauni yote siku hizi. Nikatii. Ndiyo maana naumia zaidi. Sikuwa natafuta mlango wa nyuma, nilikuwa nafuata sheria.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nishafika ofisi za kaunti mjini, foleni imefika nje. Tapeli huyo alikuwa amekaa kando ya muuza kahawa, shati limepigwa pasi hadi mikono ina mstari, plani zimeviringishwa kwapani, bahasha ya kaki magotini, na kitambulisho shingoni. Hakuniita. Alininyanyulia macho tu, akasema, "Salaam aleikum mamangu. Hiyo ni foleni ya leseni za biashara. Wa mijengo hawapangi hapo."

Nikamshukuru, nikataka kupita. Akaomba aone karatasi zangu, "nikuangalizie kabla hawajakurudisha". Akaishika nakala ya taito, akaisoma kimya kimya, kidole chafuata mstari kwa mstari kama mwana wa chuo. Kisha: "Mamangu, hapa jina lako lina herufi moja zaidi kuliko kwenye kitambulisho. Itabidi upate hati ya kiapo kwa wakili."

Na ilikuwa kweli! Miezi mitano niko na taito ile kabatini na sijaiona herufi hiyo. Nikatoa mia tano, nikamwambia mwanangu kanywe chai. Akanirudishia mkono polepole. "Weka mamangu, hiyo nauli yako."

Jamani, hiyo mia tano ndiyo iliyonimaliza. Mtu anakataa chai, Mombasa hii hii! Nikasema huyu ni mtoto wa watu, amelelewa.

Msinione mjinga. Mtu huyu kazi yake aijua. Alinambia ramani lazima ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, nondo na nguzo zipigiwe hesabu na mhandisi aliyesajiliwa, maombi yaende kaunti na kodi ya kiwanja iwe imelipwa, sheria ya 2019 ya mipango ya ardhi yawapa kaunti siku 60 za kujibu, kisha kuna mambo ya NEMA, wale wa mazingira, kisha mradi uandikishwe NCA, mamlaka ya ujenzi. Nshauliza kwingine baadaye, na yote hayo ni ya kweli. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, kwamba yeye atazipitisha karatasi "kwa ndani" zitoke kwa siku 14. Na akanitahadharisha! "Usimpe mtu pesa mkononi hapa nje, mamangu, matapeli wamejaa." Akataka nitume kwa simu ili kuwe na rekodi. Nikaona kweli, huyu ana hofu ya Mungu.

Nikatuma mara tatu. 38,000 ya plani, 24,500 ya ada ya kibali, 16,000 ya NEMA na NCA "kwa pamoja". Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikauliza. Akasema bila kupepesa, "Huyo ni mhasibu wetu." Nikabonyeza namba ya siri. Nakiona bado kidole gumba changu, kina unga kwenye ukucha.

Siku ya 12 akanikabidhi bahasha pale Mwembe Tayari. Mihuri miwili ya zambarau, sahihi, nambari ya kibali. Ndani ya matatu niliipakata kama kitoto kichanga. Nilipofika nikapeleka nakala ikatiwe plastiki, nikaitundika kwenye mwembe wa kiwanjani. Kila jirani akaja akasoma. Nikatamba, sikatai. Nikamwambia yule wa nyumba ya pili, mnamjua, "Mambo ni mpango, si kulalamika."

Fundi akachimba msingi, akapanda kozi tatu. Ndipo wakaja vijana wawili wa kaunti na mkebe wa rangi nyekundu. Mimi kwa madaha: subirini, mimi si wa hao mnaowatafuta. Nikawatolea bahasha ile yenyewe, kibali na plani. Mmoja akaiandika nambari kwenye simu yake, akamtazama mwenzake. Hawakucheka. Bora wangecheka. "Mama, nambari hii haipo."

Akaifungua plani. Akaniuliza ngazi hii yenda wapi. Ngazi gani? Vyumba vyangu ni vya chini, ghorofa naitoa wapi! Kwenye pembe ya karatasi palikuwa na rangi nyeupe ya kufutia, akaikwangua kwa ukucha, chini yake pameandikwa Ukunda. Nimeuziwa mchoro wa nyumba ya mtu wa Kwale. Wakachora X kubwa kwenye ukuta wangu wa kozi tatu, na yule wa nyumba ya pili amesimama uani na sufuria mkononi, wala haoshi. Kujenga bila kibali kumbe ni faini hadi laki tano au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Magoti yakanilegea.

Nikampigia yule tapeli pale pale. Hapatikani. Picha yake ya WhatsApp sasa ni maua.

Nimepiga ripoti polisi, nina nambari ya OB, lile daftari lao la matukio. Lakini nasema mahali pa mtu huyu ni jela ya Shimo la Tewa, na si miezi miwili. Avunje mawe. Arudishe kila senti, na alipe fundi wangu, na lori la mchanga, na mifuko ya simiti iliyo kwa jirani inayoanza kuganda na unyevu huu. Anachukua pesa za wajane na za watu wa mahamri! Na huyo "mhasibu" wake naye asiachwe, laini ina jina na kitambulisho, watafutwe wote wawili.

Mnaoniuliza inboksi ningemjuaje: kitambulisho chake kilikuwa kimegeuzwa, upande wa nyuma ndio uliotazama watu, siku zote mbili. Muhuri una tarehe ya Jumapili. Pesa za kaunti zalipwa kwa ankara, kwenye akaunti ya kaunti, si kwa namba ya mtu. Msanifu utamkuta kwenye orodha ya BORAQS, bodi inayosajili wasanifu. Mimi nilipoitafuta nambari ya usajili iliyo kwenye plani yangu, ni ya mtu mwingine kabisa. Na maombi huingizwa kwenye mfumo wa kaunti, kwa hiyo muombeni awaonyeshe ombi lenu humo kabla hamjatoa hata shilingi. Mengine nimesahau, kichwa kinauma.

Bado yupo mjini, mtu amemwona juzi. Kijana mrefu, mpole, bahasha ya kaki, yuwanywa kahawa chungu bila kashata. Akikuita mamangu na akakataa mia tano yako, piga kelele watu wajae, kisha nipigie mimi. Niko njiani na mwiko.