Hosti iliyokata picha zetu kimyakimya

Ningeweza kuwasamehe seva kulala. Kukata data ya watu halafu useme imeingia vizuri, hapana.

Sacco yetu inaweka picha za vitambulisho vya wanachama kwenye MySQL (programu ya hifadhidata) ya hosti moja ya hapa Nairobi, yaani kampuni inayokodisha seva. Juzijuzi karani kafungua picha: jina linasomeka, uso upo mpaka kidevuni, kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu kitupu. Kafungua nyingine, hivyo hivyo. Na INSERT zote, yaani amri za kuingiza rekodi, zilipita bila kosa hata moja.

Hii ndiyo iliyowaumbua:

SELECT LENGTH(picha), COUNT(*) FROM wanachama GROUP BY LENGTH(picha) ORDER BY COUNT(*) DESC;

Mamia ya rekodi, urefu ni uleule: baiti 65,535. Huo ndio mwisho wa BLOB, aina ya safu ya kuwekea faili kama picha, kwa sababu urefu wake huandikwa kwa baiti 2. MEDIUMBLOB, kaka yake mkubwa, hutumia baiti 3, hivyo hufika baiti 16,777,215. LONGBLOB ni karibu gigabaiti 4, na kwa kitambulisho hiyo ni kutafuta makuu.

Haya, BLOB niliiandika mimi kwenye CREATE TABLE. Kosa langu. Lakini MySQL tangu 5.7 huja STRICT_TRANS_TABLES, ukaguzi mkali wa data inayoingia, ikiwa imewashwa, na ingeikataa picha hapo hapo kwa kosa 1406. Hawa wameizima! SELECT @@sql_mode, inayoonyesha ukaguzi uliowashwa, ilirudi tupu. Seva ikakata mkia wa picha, ikaacha onyo ambalo programu nyingi hata haziliulizi, ikaendelea na shughuli zake.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Boss, punguza picha. Kwani ni za bango la Thika Road?" Picha ya kilobaiti 300!

Kama uko kwao, usiwangoje. Kila programu yako ikiunganisha, ianze na SET SESSION sql_mode = 'STRICT_TRANS_TABLES'; hiyo haihitaji ruhusa ya mtu. Kisha ALTER TABLE wanachama MODIFY picha MEDIUMBLOB NOT NULL. Na hiyo NOT NULL uirudie, la sivyo MODIFY inaiondoa. Baiti zilizokatwa hazirudi, kwa hiyo pakia upya kutoka faili za mwanzo, halafu linganisha SHA2(picha, 256), yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka baiti zote, na sha256sum ya faili yenyewe. Usiamini macho.

Usibandike picha kama heksa ndani ya SQL. Kila baiti inakuwa herufi mbili, na max_allowed_packet ya kwao, kikomo cha ukubwa wa amri moja kwenda seva, ni megabaiti 4 tu, ambayo huwezi kuiongeza bila ruhusa ya msimamizi. Faili ya megabaiti 2 na nusu inagonga ukuta. Tumia kauli iliyoandaliwa, yenye alama ya kuuliza mahali pa picha, baiti zipite zilivyo. LOAD_FILE, kitendakazi cha MySQL cha kusoma faili, nayo achana nayo: inasoma diski ya seva, si ya laptopu yako, na ikishindwa inakurudishia NULL bila maelezo.

Tangu nirekebishe, mambo yanaenda. Kasi nzuri, bei pia sina neno, nikawa nimeshaandika nyota tatu. Halafu leo nimewaomba waweke kwenye ukurasa wao wa msaada kwamba ukaguzi huo umezimwa, wengine wasiumie. Wamenitumia kidole gumba, wakafunga tiketi.

Nyota moja.