Darubini ya mtumba 10x50: mwezi nimeuona, mikono imenitetemeka

Niliinunua Barabara ya 12, hapa hapa Tanga. Tulianzia 130,000 tukaishia 85,000. Muuzaji aliniapia inavuta mara 100. Uongo mtupu: ubavuni imeandikwa 10x50, yaani inavuta mara 10 na vioo vya mbele vina upana wa milimita 50. Nilinyamaza, maana hiyo 50 ndiyo niliyoitaka. Gizani vioo vipana ndivyo vinavyokusanya mwanga.

Nimeipima usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa. Tulikuwa Raskazone, mimi na shangazi, na chupa ya kahawa. Mwezi ulikuwa umeshaingia kwenye kivuli hafifu cha pembeni, ila hapo sikuona chochote cha maana. Saa 1:27 usiku ndipo kiini cha kivuli cha dunia, pale jua linapozibwa lote, kilipoanza kuumega. Ukingo wake umepinda kama mdomo wa sinia, tena una ukungu kidogo, si mkato wa kisu. Na ni kikubwa! Kule mwezi uliko, upana wake unazidi mara mbili na nusu ya mwezi wenyewe, ndiyo maana ulizama mzima tangu saa 2:30 hadi 3:52.

Nilitarajia weusi. Nikaona rangi ya bati lililoshika kutu, upande mmoja imekolea zaidi, na vinyota kando ambavyo mwangaza ulikuwa umevificha. Nikamweleza shangazi kuwa hewa ya dunia hupinda mwanga wa jua na kuuingiza kivulini, na wekundu ndio unaofika, kama wa magharibi. "Haya mwanangu, maneno baadaye, nipe nione." Hakuirudisha mpaka kahawa ikapoa.

Kasoro zipo. Ina karibu kilo nzima. Dakika mbili tu mikono inatetemeka na mwezi unacheza ngoma. Niliokolewa na ngalawa iliyopandishwa ufukweni, nikaegemeza viwiko ubavuni mwake. Kioo cha kulia kina doa la ukungu kwa ndani, na mfuniko mmoja haukuwepo, nimekata ndala kuukuu nikaziba. Nilipomrudia muuzaji akasema mali ikishatoka dukani si yake tena.

Agosti 2, 2027 jua litapatwa, huku kwetu kwa sehemu tu. Siku hiyo darubini itabaki kabatini: haina kichujio cha kukinga makali ya jua, na jicho haliuzwi mtumbani.

Kwa 85,000 sijuti. Sasa natafuta mguu wa kamera, ngalawa ya watu niiache.