Visanduku vya bastola vya chini ya kiti: kipi kinastahimili jua la Kisumu?

Mwenye kibali cha bastola hufika mahali asiporuhusiwa kuingia nayo: benki, mahakamani, wodini. Gari hubaki juani na silaha imo ndani. Sanduku la dashibodi halifai, kwani bisibisi moja hulifungua. Visanduku vya chuma vya kuweka chini ya kiti viko vya aina tatu, na tofauti yake huonekana saa nane mchana kuliko dukani.

Tuanze na joto. Nje pakiwa na digrii 31, hewa ndani ya gari lililofungwa hupita 50 kabla saa moja haijaisha, na dashibodi inayopigwa na jua hupita 70. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Wengi huhofia risasi kulipuka zenyewe. Hilo halitokei kwa joto la gari, maana baruti ya kisasa huhitaji zaidi ya digrii 150 ili iwake yenyewe. Madhara yake ni ya polepole. Baruti huwekewa kemikali ya kuizuia isiharibike, na joto la kila siku huimaliza kemikali hiyo mapema. Risasi iliyokaa garini miezi mingi haiaminiki tena: huenda ikapiga vibaya au ikagoma kabisa.

Kisanduku cha alama ya kidole ndicho kinachopendeza macho, na ndicho tunachokikataa kwanza. Betri nyingi za alikali za volti 9 zimetengenezwa kufanya kazi hadi digrii 54, kiwango ambacho gari la Kisumu hukikaribia mchana wa kawaida. Betri ikivuja, majimaji yake ya alikali hula vishikizo vya shaba na mlango hauitiki. Kidole chenye jasho nacho husomwa vibaya. Utabaki na ufunguo wa akiba, ambao kwa kawaida ni ule wa duara, na kitasa chake mara nyingi ndicho dhaifu kuliko vyote.

Cha namba za kuzungusha hakina betri, na hilo ni zuri. Lakini pete tatu ni michanganyiko 1,000 tu. Mwizi aliyekibeba kizima atazijaribu zote akiwa kwake bila haraka.

Cha ufunguo wa kawaida, kilichofungwa kwa bolti, ndicho tunachokipendekeza. Tafuta bati la milimita 1.5 au zaidi, la 1.2 hupindika pembeni likitiliwa nondo. Kwa Ceska au Glock ya ukubwa kamili, yenye urefu wa sentimita 20 na nusu hivi, nafasi ya ndani iwe angalau sentimita 24 kwa 16, kina 4.5. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanaweza kukuongezea bamba chini au kuunganisha bawaba upya.

Kukifunga ndiko kunakoharibika mara nyingi. Waya wa chuma unaokuja na kisanduku hukatwa na mkasi wa vyuma kwa sekunde chache, kwa hiyo uhesabu kuwa wa kumchelewesha mwizi tu. Ukiutumia, uzungushe kwenye fremu ya kiti iliyochomelewa, usiuzungushe kwenye nguzo ya kuegemezea kichwa, ambayo huchomolewa kwa mkono. Bora zaidi ni bolti nne za M8 zinazopenya sakafu, zenye washa pana (duara za chuma zenye tundu) upande wa chini. Kabla ya kutoboa, ingia uvunguni uone bomba za mafuta na breki zinapopita. Nyaya zenye soketi ya njano chini ya kiti ni za eabegi: usiziguse. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu, kisha silikoni, la sivyo mvua ya jioni itaingia.

Kabla ya kutumia, ng'oa sponji ya kiwandani. Gundi yake huyeyuka ikanata kwenye bastola, na sponji hunywa unyevu wa ziwa ikaupeleka kwenye chuma. Weka kipande cha zulia na kifuko cha gramu 10 cha silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Nakuru kuna baridi zaidi, ila hewa ya kiyoyozi ikikutana na joto la nje bado huacha matone kwenye chuma.

Toa risasi kabla hujafika unakoegesha, mahali pasipo na watazamaji: chomoa magazini kwanza, kisha vuta silaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma) na ukague chemba, tundu inamokaa risasi ya kupigwa, kwa macho na kwa kidole, mdomo wa bastola ukielekea pasipo na mtu. Ukifanya hivyo kwenye maegesho ya benki, umewaonyesha wanaokuchungulia kilichomo. Ufunguo utoke nawe, usibaki kwenye kishikio kimoja na ule wa gari.

Bastola ilale garini kwa saa za shughuli hiyo tu. Usiku iwe ndani ya sefu ya nyumbani, kwani Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uiweke salama wakati wote. Risasi zilizozoea kukaa garini zibadilishe kila baada ya miezi michache, na zile za zamani zimalizie kwenye uwanja wa shabaha, zikiwa zimepoa kwanza: risasi yenye moto husukuma kwa shinikizo kubwa kuliko kawaida.